Kidonda cha Mpiga Tarumbeta

Sehemu ya Saba

"Basi mwandikie na jina la mwanamume aliyempa!"

Kidole cha Mapafu kilikuwa bado kimenyooka usoni kwa mkewe, palepale tulipokiacha Jumapili iliyopita. Na ninyi mlionitumia ujumbe wiki nzima mkinitaka nimwonee huruma huyu bwana, eti maskini kasalitiwa, hebu shikeni moyo kwanza msome.

Kama umechelewa kujiunga nasi, jua hivi. Mapafu ni mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, na jina hilo kapewa na wenzake kwa sababu anaweza kushika sauti moja mpaka bi harusi achoke kutembea. Mkewe ni fundi cherehani. Makoti yote ya bendi, yale mekundu yenye vifungo vya dhahabu kifuani, kayashona yeye, ndiyo maana wanamwita Mama Vifungo. Homa ilimshika, homa ikaleta vidonda mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi jirani, na asubuhi hii daktari kamtajia ugonjwa wake: herpesi.

"Kaa chini, bwana," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imemshuka puani, na kwa jinsi alivyosema ulijua amekwisha kuona waume wengi wakisimama vile katika chumba kile.

"Sikai! Mimi sina kidonda, sina kipele. Yeye anavyo. Sasa nani katoka nje hapo?"

"Hilo ndilo nataka tulizungumze. Ugonjwa huu si lazima..."

"Si lazima nini? Kila Jumamosi napuliza mpaka macho yanataka kutoka, kumbe nyumbani kuna mwenzangu!"

Akajifuta mdomo kwa kidole gumba, akatoka. Mlango ukabamizwa kwa nguvu, ukarudi nyuma, ukabaki wazi kidogo tu. Hakuna aliyeinuka kuufunga. Ukumbuke mlango huo.

"Daktari, sijawahi," Mama Vifungo alisema akilia. "Naapa, sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu hata kwa mawazo."

"Usiniapie, mimi si hakimu. Nijibu tu. Mumeo huwa anatokwa na vilengelenge mdomoni?"

"Mdomoni?" Akajifuta machozi. "Aa, hiyo ni tarumbeta, daktari."

"Tarumbeta?"

Ndiyo, tarumbeta. Bendi nzima inajua hivyo. Mpulizaji akitokwa na vilengelenge mdomoni, wenzake husema chuma kimemuuma, na wala si jambo la kuona haya. Anayejifunza hahesabiwi mpulizaji kamili mpaka chuma kimuume. Siku kikimuuma hupigiwa makofi na kupandishwa mstari wa mbele. Dawa yao ni kupaka mafuta ya mgando, kisha kazi inaendelea. Mapafu chuma kilimuuma kila baridi ilipoingia, naye alitembea nacho mdomoni kwa maringo kama kavishwa nishani.

"Chuma kinachubua," daktari alisema. "Hakitoi vilengelenge. Kitu kinachowasha kwanza, kikatoka kwa kishada, kikapasuka, kikakauka, halafu kikarudi tena palepale, hicho ni kirusi. Ndicho hichohicho kilichoko kwako."

"Lakini chake kiko mdomoni!"

Daktari akavua miwani. "Nitakuuliza swali, na usione haya, tuko wawili tu. Amewahi kukupenda kwa mdomo? Huko chini?"

Mama Vifungo akainama kutazama mapaja yake. Jamani, mtu anafundishwa tangu utotoni kwamba ya chumbani hayatoki chumbani, halafu anakuja kuulizwa mchana kweupe na mtu mwenye koti jeupe!

"Ndiyo," alisema, na daktari ilibidi asogeze kiti ndipo asikie.

"Siku hizo alikuwa na kidonda?"

Aliikumbuka vizuri sana siku ile. Mapafu alikuwa katoka kwenye harusi iliyomwinua juu juu, watu wamembeba mabegani, koti jekundu limefunguka vifungo, midomo inang'aa mafuta. "Leo chuma kimeniuma," alimwambia akicheka, akamkumbatia, na hata taa hakuizima. Mama Vifungo alilala usingizi wa mtu anayependwa. Homa ilikuja siku chache baadaye, kabla hata hajalifua lile koti.

"Alikuwa amepaka mafuta," alisema.

"Basi ndiyo njia yake. Kile kijiti cha pamba nilichokupitishia kwenye kidonda kimetujibu kwamba kirusi chako ni cha aina ya kwanza, ile inayopenda kukaa mdomoni. Watu wengi sana wanayo, na wengi waliipata utotoni kwa busu la mama au shangazi. Kwa ngono ya mdomo inahama, inashuka. Kidonda kikiwa kibichi hatari ni kubwa zaidi, lakini hata ngozi ikiwa safi machoni inaweza kupita. Kwa hiyo si lazima mtu awe mwovu. Si yeye wala si wewe."

Mama Vifungo akashusha pumzi aliyoishikilia tangu asubuhi. "Niandikie basi, daktari. Niandikie kwamba kimetoka kwa mume wangu, nikamwonyeshe mama yake."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Kipimo kinasema ni aina gani. Hakisemi kimetoka kwa nani. Nikimpima mumeo damu, itaonyesha tu kama mwili wake umewahi kukutana na kirusi hiki, haitasema lini wala mahali gani. Akija na kidonda kibichi mdomoni nitakipitishia kijiti, tujue kama ni aina hiyohiyo. Kikishakauka, nafasi imepita. Na hata hapo, dada, kipimo kitasema tu kwamba inawezekana. Wa kusema ndivyo ilivyokuwa ni yeye mwenye mdomo."

Umeona kazi hiyo? Mwanamke anashitakiwa, na shahidi wake wa pekee ndiye mshitaki mwenyewe. Hapo ndipo alipokaliwa kooni.

Daktari alimpa vidonge. Alimwambia dawa haikifukuzi kirusi mwilini, ila inafupisha vidonda na kutuliza. Aina hii ikikaa huko chini hairudirudi sana. Mumewe akisikia mdomo unawasha, asimbusu mtu wala asishuke popote mpaka pakauke kabisa. Na siku akipata mimba, amwambie mkunga mapema.

"Utaishi vizuri, utazaa, utapendwa," daktari alimalizia.

"Nitapendwa," Mama Vifungo alirudia, kana kwamba anasimuliwa habari za mtu mwingine.

*

Cherehani yake aliikuta nje.

Ilikuwa barazani, mguu mmoja umening'inia hewani, na mkasi umetupwa juu yake. Kando yake kulikuwa na gunia, na makoti ya bendi yamesokomezwa ndani yake, mikono myekundu imetoka nje. Kikombe chake, sahani yake na taulo lake vilikuwa ndani ya beseni la peke yake, vimetengwa kama vyombo vya mbwa.

Mama mkwe alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni. Hiyo ilikuwa desturi yake kila baridi ikiingia, mafua yake hayakuwa na mwisho. Miaka yote ya ndoa hii, Mama Vifungo ndiye aliyekuwa akimchemshia maji ya tangawizi.

"Usiguse kitasa," alisema kwa ndani ya kitambaa. "Nitafungua mimi."

"Mama, ugonjwa huu haupiti kwenye kitasa."

"Makubwa! Na somo umeshalipata!" Akamsogelea. "Ingia. Baba yako yuko ndani. Nimemwita mwenyewe."

Katika dunia hii nzima Mama Vifungo alikuwa na mzazi mmoja tu, na ndiye huyo. Alikuwa mwashi mstaafu, mtu aliyebeba matofali ili binti yake ajifunze kushona asibebe matofali. Sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti cha watu, kofia gotini, shati limefungwa mpaka shingoni. Shati lenyewe kashonewa na bintiye.

Karibu yake Mapafu alikuwa kainamisha kichwa, mkono mdomoni kama mtu aliyefiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Naambiwa una jambo la kusema, lakini hakuna anayeniambia ni jambo gani."

"Nipe dakika, baba. Samahani."

Akamshika mumewe mkono wa shati, akamvuta chumbani kama mzigo, akafunga mlango.

"Mapafu, ni mdomo wako."

"Nini mdomo wangu?"

"Siku ile uliyobebwa mabegani. Ulikuwa na kidonda. Daktari anasema kirusi ni..."

"Shh! Punguza sauti, baba yako yuko hapo!"

Huyu bwana aliyepasua masikio ya kliniki nzima asubuhi, sasa alikuwa ananong'ona. Mama Vifungo akamtazama vizuri, na moyo ukampasuka paa.

"Wewe unajua," alisema. "Unajua tayari."

Mapafu akageuza uso.

"Unajua tangu lini?"

"Nilikuwa nje ya mlango. Haukufunga. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Yote."

Yote, msomaji wangu! Alisikia kijiti cha pamba, alisikia busu la mama, alisikia mkewe akiomba aandikiwe karatasi. Kisha akaja nyumbani, akasimama kando akitazama cherehani inatolewa nje.

"Ulisikia yote, halafu ukamwacha mama yako amwite baba yangu?"

"Nilikuwa nimeshampigia simu mama. Nilipokata ndipo nikasikia daktari anaongea."

"Si ungempigia tena!"

"Nimwambie nini? Eh? Nimwambie mama yangu mzazi kwamba mimi mwanamume nili..." Neno likamkwama. "Unajua bendi watanifanya nini? Kila nikiinua tarumbeta watanitazama mdomo na kucheka. Watanibandika jina mpaka nife nalo."

"Siku ile hukuona haya. Hata taa hukuzima."

"Siku ile tulikuwa wawili."

Aliposema hivyo sauti ilimlegea, na kwa kitambo kidogo alikuwa yule yule wa koti lililofunguka vifungo. Mama Vifungo alimpenda kwa kitambo hicho, na akamchukia zaidi.

"Sasa hivi niko peke yangu," alimjibu.

Mlango ukafunguka bila hodi. Mama mkwe akaingia, akaufunga kwa mgongo wake. Alikuwa kabandika sikio mlangoni, na hata minong'ono haimpiti.

"Ni kweli hiyo?" alimuuliza mwanawe.

Mapafu akatazama viatu vyake. Jibu lilikuwa hilohilo.

Mama mtu akakaa kitandani kwa kishindo, na kitambaa kikamponyoka. Lo! Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na kishada cha vilengelenge, vingine vibichi, vingine vimeanza kukauka. Mama Vifungo alivitazama kwa muda mrefu. Tangawizi yote ile!

"Mama, hayo si mafua."

"Ninavyo tangu usichana wangu," mama mkwe alisema, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Huyu naye vilimtoka hata meno hajaota. Nilikuwa nambusu mno, alikuwa kifungua mimba wangu, nikiambiwa nipunguze sisikii. Hiyo tarumbeta kaishika ana ndevu."

"Mama! Kwa hiyo si chuma?" Mapafu alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Chuma gani, mjinga wewe."

Angalia mambo ya dunia. Mkewe kavuliwa nguo mbele ya watu, na kinachomuuma mwenzetu ni kwamba kanyang'anywa nishani yake!

Lakini Mama Vifungo alishaona mwanga. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe akamshika mikono yote miwili. "Ahsante, mama. Mungu akubariki. Twende basi tukamwambie baba. Huna haja ya kutaja kila kitu, mwambie tu mwanao anao ugonjwa huu tangu mtoto. Ataelewa."

Mama mkwe akaiondoa mikono yake polepole. Akaokota kitambaa, akakikunja, akakirudisha mdomoni.

"Tukamwambie nani, nini?"

"Baba..."

"Sikiliza, mwanangu. Wewe ni mwanamke mwenye akili. Baba yako akijua, siku moja ataropoka kwa mtu, na mtu huyo ana mdomo. Mwanamke akiteleza anasamehewa, watu wanasahau, maisha yanaendelea. Mwanamume akichekwa kwa jambo kama hili, atachekwa mpaka kaburini. Na nyumba hii inakula kwa mdomo wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utatoka pale sebuleni, utamwomba mumeo msamaha mbele ya baba yako. Useme shetani alikupitia. Mumeo atakusamehe, cherehani itarudi ndani leo hii, na mimi mwenyewe nitakupikia. Yaishe."

"Niombe msamaha kwa jambo ambalo sikufanya?"

"Uombe upate amani."

"Na nikikataa?"

"Gunia lako liko barazani. Utaondoka na baba yako. Watu watauliza kwa nini fundi kaondoka, nasi tutawajibu."

Mama Vifungo akamgeukia mumewe. Alingoja. Hata neno moja lingemtosha, hata "mama, acha". Mapafu alikuwa akijikuna mdomo wa chini kwa kucha, bila kujua anajikuna. Alipoona anatazamwa, akapaziba pale kwa kiganja, akasema kwa upole kabisa, upole wa mtu anayetoa sadaka:

"Mimi nimeshakusamehe, mke wangu."

Soma tena hapo. Kamsamehe!

Mama Vifungo akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi, na kilimuumiza kifua. "Umenisamehe ugonjwa wako," alisema.

*

Sebuleni mzee hakuwa amesogea hata kidogo. Mapafu alikaa mahali pake pa mwanzo, mkono mdomoni. Mama mkwe akakaa kando yake, kitambaa mdomoni. Mama Vifungo alibaki amesimama katikati, kwa sababu kiti chake yeye kilikuwa kimeshatolewa nje pamoja na cherehani.

"Mwanangu," baba yake alisema, "mama mkwe wako ameniambia unataka kuomba radhi. Sijui ya nini. Lakini mimi ni baba yako. Likiwa zito, tutalibeba."

Aliposikia vile alitamani kusema uongo hapohapo. Angesema shetani alimpitia, baba angelia kidogo, cherehani ingerudi ndani, makoti yangetoka kwenye gunia, na kazi ingeendelea. Lakini kuanzia leo mzee huyu angelala akijua kwamba matofali yote aliyobeba yalimlea mzinzi. Na akisema kweli, itambidi amtajie baba yake mzazi yale ya kitandani, ambayo hata kwa daktari yalimtoka kwa tabu. Njia zote mbili zilikuwa aibu, na zote alichaguliwa yeye azipite.

"Baba," alianza.

"Sema, mama. Usiogope."

Akamtazama mumewe kwa mara ya mwisho. Na Mapafu, juu ya kile kiganja kilichoziba mdomo, alikuwa anamtikisia kichwa. Alikuwa anamwitikia taratibu, kama mwalimu anayemsaidia mtoto mzito kukumbuka shairi. Endelea, unaweza, endelea.

Angekuwa hakutikisa kile kichwa, wallahi mimi nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia. Damu ilimpanda Mama Vifungo mpaka masikioni, machozi yakakauka yenyewe. Akakumbuka zile kucha zilizokuwa zikijikuna chumbani. Akakumbuka daktari akisema kidonda kibichi kinapimika, kikikauka basi.

"Baba, msamaha nitauomba," alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Lakini kabla sijauomba, mwambie mkweo aondoe mkono mdomoni."

Kichwa cha Mapafu kikaacha kutikisika.

"Na mama naye ashushe kitambaa."

Hakuna aliyesogea. Mzee mwashi hakuelewa kitu, uso wake ulisema hivyo. Akamtazama mkwewe, akamtazama mama mtu, wote wawili wamejiziba midomo mbele yake ndani ya nyumba isiyo na moshi wala vumbi. Kisha akamtazama binti yake, aliyesimama peke yake, uso wazi.

Akaiweka kofia mezani, akasimama.

"Ondoa mkono, kijana," akasema.